Tangazo la Mlango kwa Mlango

Hakuna mtu wa kijiji cha Wolbeek anayeweza kusema hakuonywa. Tangu astaafu kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, Willemien Hoitink hakukaa chini. Alikuwa na meza yake: siku ya soko aliiweka mbele ya duka la mikate, siku za sherehe kando ya hema la bia, na Jumapili ukumbini nyuma ya kanisa, palepale watu wanapopita kwenda kwenye kahawa. Ukiitaka kahawa ulipita kwa Willemien, na ukipita kwa Willemien ulipimwa presha, utake usitake.

Haya hakuwa nayo hata chembe. Mwaka ule manispaa ilipowahimiza wazee wapimwe choo ili saratani ya utumbo igunduliwe mapema, alimzuia mchungaji mlangoni mwa kanisa, Biblia ikiwa bado kwapani.

"Mchungaji, umeshapeleka?"

"Nimepeleka nini, Mien?"

"Mavi yako."

Mchungaji aliiva uso mpaka masikioni. Lakini alipeleka, na Jumapili iliyofuata aliwahimiza waumini wote nao wapeleke, maana alijua wasipopeleka wataulizwa hivyohivyo mbele ya wake zao. Kile kisanduku cha kushtua moyo uliosimama, kilichotundikwa kwenye ukuta wa baa, ni kazi ya Willemien pia. Aliwapanga wakulima wenye vitambi, akawapigisha magoti mbele ya sanamu la plastiki, akawa anawafokea: "Bonyeza, Tonnie! Bonyeza kwa nguvu! Huyo si mkeo, usimbembeleze!"

Huyo Tonnie, Tonnie Lenselink, alikuwa jirani wa kwanza wa Willemien na mumewe, na kwetu huku Achterhoek, mashariki ya Uholanzi, hicho ni cheo. Jirani wa kwanza huitwa kabla ya daktari na kabla ya ndugu. Mtoto akizaliwa, yeye huongoza watu wanaobeba mkate mrefu wa zabibu juu ya ngazi mpaka kwa mzazi. Kukiwa na harusi, yeye husimamia upinde wa majani mlangoni. Kukiwa na msiba, huvaa koti jeusi na kwenda kutangaza mlango kwa mlango, kwa mpangilio uleule wa mababu, hata kama wenye milango hawasemeshani. Kisha majirani wote hukutana jioni hiyo jikoni kwa wafiwa na kugawana kazi.

Kwa upande wa pili wa barabara, jirani wa kwanza wa Tonnie alikuwa Derk, mume wa Willemien. Derk ndiye aliyetangaza kifo cha baba yake Tonnie, na cha mama yake pia. Alikuwa hodari wa kazi hiyo: kofia mkononi, sauti ya chini, maneno machache na hakosei hata moja. Watu walitaniana kwamba ukitangazwa na Derk Hoitink basi umekufa vizuri.

Ila ujirani huo una upande wake mwingine, na huo hakuna anayeufundisha, tunaunyonya tu kwa mama zetu. Jirani husubiri aitwe. Asichoambiwa, haulizi.

Vuli moja kampeni ilikuwa ya ugonjwa wa kusahau. Manispaa ilikuwa imeanzisha Mkahawa wa Kumbukumbu katika mji wa jirani, ambapo mara moja kwa mwezi wenye ugonjwa huo na wanaowatunza hukaa pamoja, hunywa kahawa na huuliza lolote. Willemien aliendesha baiskeli yake huku na huku na mabango kapuni. Alibandika kwa mwoka mikate, kwa kinyozi, kwenye vyoo vya baa. Dalili zilikuwa zimeandikwa kwa herufi kubwa, naye alimsomea kila aliyesimama: kurudia swali lilelile, kupotea kwenye njia unayoijua, kuweka vitu pasipo mahali pake.

Siku moja aliporudi nyumbani alikuta funguo za baiskeli ndani ya bakuli la siagi. Alizifuta, akazitundika msumarini.

Mimi nimemjua Willemien siku nyingi, na bado naudhika nikikumbuka. Mwanamke aliyethubutu kumwuliza mchungaji habari za choo chake hakuthubutu kusema neno moja kuhusu mumewe. Derk tangu ujana hakuwa msemaji, na mtu asiye msemaji ni rahisi kumfichia. Willemien alimmalizia sentensi zake. Alimtolea nguo asubuhi kwa mpangilio wa kuvaa, chupi juu, koti chini. Simu ikilia aliidaka yeye. Mwana wao akipiga kutoka mjini na kuuliza, "Baba hajambo?" alijibu, "Yuko nje, unamjua baba yako." Derk alikuwa amekaa mbele yake, anakunja na kukunjua kitambaa cha mezani.

Kisha alianza kutoweka. Willemien akienda kuoga, anatoka na kukuta mlango uko wazi. Lakini kila mara, kabla hajachanganyikiwa, mtu alitokea naye langoni.

"Nilimwazima mumeo kidogo, Mien," Tonnie alisema siku moja. "Nilitaka anishikie waya wa ua."

Mikono ya Derk ilikuwa safi, na ua wa Tonnie haukuwa na tatizo lolote.

"Vizuri," alisema Willemien. "Alihitaji kunyoosha miguu. Ingieni mnywe kahawa."

Siku nyingine mke wa mwoka mikate alimleta, Derk akiwa na ndara za chumbani kwenye baridi ile. "Mzee alikuja kutuonjea mikate," alisema. "Ana ulimi huyu, we acha tu." Willemien alicheka, mwenzake akacheka, na Derk akacheka kwa sababu wao walicheka.

Mkutano mkubwa wa kampeni ulifanyika ukumbini, Jumapili alasiri ya Novemba. Willemien alimwalika nesi kutoka mjini, binti aitwaye Fenna, aje aeleze msaada uliopo na namna ya kuupata. Watu walijaa. Derk aliketi mstari wa mbele, kati ya Tonnie na mkewe Aleida, maana hakuwa na mtu wa kumwachia.

Willemien alifungua mwenyewe. "Ukisahau jina la jirani yako, huo ni uzee," alisema. "Ukisahau kwamba una jirani, huo ni ugonjwa."

Alingoja kicheko. Kwa kawaida angekuwa ameshatupiwa matani kutoka mstari wa nyuma, naye ameshayarudisha na riba. Safari hii kila mtu alikuwa anachungulia kikombe chake kana kwamba kahawani kumeanguka nzi. Akauliza kama kuna mwenye swali. Akauliza kama kuna yeyote anayemjua mtu mwenye dalili hizi. Aleida alikohoa, akaacha.

"Basi," alisema Willemien, "nesi atatueleza tukimbilie wapi."

Fenna alisimama na karatasi zake. Wakati huohuo Derk naye alisimama, akafunga vifungo vya koti, akageukia watu.

"Haya jamani," alisema. "Mimi naondoka. Ng'ombe wanangoja kukamuliwa."

Ng'ombe wa Derk waliuzwa miaka mingi nyuma, mwana wao alipochagua kazi ya kompyuta. Hakuna mtu ukumbini asiyejua hilo. Wengine ndio waliowanunua.

Tonnie aliruka kwa miguu yote miwili. "Kweli bwana! Jua limekwenda. Wangu pia wananingoja."

Ng'ombe wa Tonnie hukamuliwa na mashine, hawamngoji mtu. Lakini Aleida alishaokota mkoba wake. Yule mwoka mikate, ambaye hajawahi kugusa chuchu ya ng'ombe maishani mwake, alisema kwa sauti, "Ndiyo, twende tukakamue." Mchungaji alivaa skafu. Mstari wa nyuma ukainuka, viti vikakwaruza sakafu, na ukumbi mzima ukatoka nje ukizungumzia maziwa, Derk katikati yao, akiwa amenyooka na hana wasiwasi, kama mtu aliyewakumbusha wenzake wajibu.

Nesi alibaki mdomo wazi. "Nimesema kitu kibaya?"

"Hujasema kitu chochote," alisema Willemien. "Ndiyo taabu yenyewe. Wamemstahi mume wangu."

Alikaa kwenye kiti cha Derk. Hapo ndipo alipoelewa kwamba wanajua, wote, na wamejua siku nyingi, na kwamba zile kahawa zote alizowamiminia walizinywa wakijua. Aibu ilimpanda kwanza, halafu hasira.

Aleida alirudi kukusanya vikombe, akamwona.

"Usikasirike, Mien. Tulimsitiri tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mahindi."

"Ya mwaka huu?"

"Ya mwaka jana."

"Mwaka jana!" Willemien alisimama. "Na ile Alhamisi aliyorudi amevaa suruali ya Tonnie? Mumeo aliniambia amemmwagia rangi."

Aleida aliangalia vikombe. "Tonnie alisema nisiseme."

"Sema, Aleida. Nisije nikakuvunjia hivyo vikombe."

"Alikuwa ndani ya mfereji. Maji yamefika kiunoni. Alisema anatafuta ndama." Aleida alianza kulia. "Tonnie alimvuta kwa kamba. Aliporudi kwetu, Tonnie mwenyewe alitetemeka mpaka usiku, na siyo kwa baridi."

Willemien alishika mgongo wa kiti. Siku ile alikuwa jikoni, anakunja karatasi za kampeni.

"Angekufa! Angekufa na mimi nisijue! Mnaninyima habari ya mume wangu mwenyewe, halafu mnajiita majirani?"

"Na wewe ulituambia?" Aleida naye aliwaka. "Ulituita? Umebandika mabango mpaka chooni, Mien, na nyumba yako hukuitaja. Tungeingilia wapi?"

Nesi, ambaye alikuwa amesimama pembeni hajui aende au abaki, alisogea na karatasi zake.

"Sikuwahi hata kuwaambia kuhusu shamba," alisema polepole. "Kuna mkulima ng'ambo ya mji anapokea wazee wanaosahau. Mchana kutwa wako kwake, wanalisha ng'ombe, wanafagia zizi. Gari linawafuata nyumbani. Na kuna mshauri wa kuja kukaa nanyi, apange yote. Simu moja tu."

Willemien aliijua habari ya lile shamba. Ilikuwa ukurasa wa pili wa karatasi aliyoigawa kijiji kizima. Aliigawa, aliieleza, aliwasisitizia watu, na hakuisoma hata siku moja kama mtu anayeihitaji. Alilia hapo hapo, mbele ya binti wa watu, kamasi zikimtoka.

Alipofika nyumbani, Tonnie alikuwa sebuleni na Derk, wanatazama dirishani. Willemien alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mumewe.

"Derk. Unasahau."

Derk alimtazama. "Najua," alisema. "Nilikusudia kukuambia, nikasahau."

Hata leo Willemien haelewi kama ule ulikuwa utani. Zamani Derk alikuwa na utani wa namna hiyo, mmoja kwa mwezi, usoni hakuna dalili. Willemien alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamgeukia Tonnie.

"Wewe ni jirani yangu wa kwanza?"

"Unauliza nini, Mien."

"Basi kesho asubuhi kavae koti lako uende ukatangaze."

Tonnie alikodoa macho. "Hakuna aliyekufa."

"Ndiyo, na nataka iendelee hivyo. Nenda kila mlango. Waje jikoni kwangu jioni kama wanavyokuja kwa msiba. Yule nesi atakuwepo, awaambie yale mliyoyakimbia. Nataka nijue nani yuko karibu na mfereji saa ngapi, na nani atakaa na Derk nikienda kwa huyo mshauri. Na atakayenidanganya habari za rangi tena atanitambua."

"Haijawahi kufanyika, Mien. Kwa ugonjwa? Nitasema nini mlangoni? Hata maneno yake hayapo."

"Utayatafuta."

Tonnie ni mtu mkubwa, anainua ndama kwa mkono mmoja. Siku ile aliondoka na mabega yameanguka.

Asubuhi alikuja. Koti jeusi lilikuwa limembana tumboni, na kofia alikuwa anaizungusha mikononi. Derk alikuwa anakunywa kahawa. Aliliona lile koti, akaweka kikombe chini taratibu, akasimama.

"Nani?" aliuliza.

Tonnie alimwangalia Willemien. Willemien naye hakuwa amelifikiria hili. Kabla hawajapata la kusema, Derk alikuwa ameshaingia chumbani, akatoka na koti lake jeusi, kofia yake, na viatu vya kanisani miguuni, cha kulia kulia na cha kushoto kushoto. Hakuna aliyemtolea nguo. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa amevaa bila kukosea.

"Twende," alimwambia Tonnie. "Tusichelewe, watasikia kwa watu."

Mfiwa hatembei na watangazaji, ndivyo ilivyo kwetu. Willemien alivaa koti lake na kuwafuata hata hivyo, hatua chache nyuma, njia ya changarawe ikilia chini ya viatu vyao. Alitaka kumwita Derk arudi. Alijiuliza ni ukatili gani huu anaoufanya, kumpeleka mtu kujitangaza mwenyewe, akajiambia atawasimamisha kwenye geti, na geti likapita.

Mlango wa kwanza ni wa Bertha Wensink, mjane, ndivyo ilivyokuwa tangu wakati wa babu yake. Bertha alifungua, akaona makoti meusi mawili na Willemien nyuma yake, mkono ukamwenda mdomoni. Derk ndiye aliyevua kofia.

"Bertha," alisema kwa sauti ile ya chini ambayo kijiji chote kinaijua. "Nimetumwa kukujulisha kwamba..."

Alikwama. Aligeuka kwa Tonnie na kumnong'oneza, kama mtu wa kazi anayemwuliza mwenzake, "Ni nani?"

Tonnie aliinamia viatu vyake. Hakuweza. Willemien alipanda ngazi, akasimama kando ya mumewe.

"Ni Derk Hoitink," alisema.

"Derk? Wa pale karibu na mfereji?" aliuliza mumewe.

"Huyohuyo."

Derk alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Amekufa?"

"Hapana. Anasahau. Amekuwa mgonjwa wa kusahau, na mkewe hawezi tena peke yake."

Derk aliyapokea maneno hayo, akayapanga. Willemien aliona midomo yake ikiyajaribu kimyakimya, kama alivyokuwa akifanya enzi zake njiani. Kisha alimgeukia Bertha, kofia kifuani, mgongo umenyooka.

"Nimetumwa kukujulisha kwamba Derk Hoitink ni mgonjwa wa kusahau, na mkewe hawezi tena peke yake. Majirani wanaombwa waje leo jioni."

Hakukosea hata neno. Bertha alikuwa analia, lakini alijua anachopaswa kujibu, kwa sababu jibu ni lilelile siku zote.

"Tutakuja," alisema.

Derk alivaa kofia, akashuka ngazi. Chini alisimama kidogo kumngoja Willemien, akamshika kiwiko ili asiteleze kwenye umande.

"Huyo mke wa Derk," alisema, "wewe unamjua?"

"Namjua."

"Basi kakae naye," alisema Derk. "Sisi tutamaliza hii milango."

Na akaenda na Tonnie mpaka mlango wa pili, bila kuuliza njia.